Mtu Aliyezuia Nafasi

Nchi inayosimuliwa hapa haipo. Ingalikuwepo, msimulizi asingalikuwepo. Jambo hilo likishaeleweka, tuendelee kwa amani.

Katika nchi hiyo palikuwa na kiwanda kimoja cha matairi, na katika mwaka wa ishirini na sita wa utawala wa Mpanuzi Mkuu, kiwanda hicho kilipanuliwa. Kazi yote ilifanywa kwa siku moja. Matingatinga yalifika saa mbili asubuhi katika mtaa uliopakana na ukuta wa mashariki, na kwa kuwa barua ya kuwaarifu wakazi ilikuwa bado inatafutiwa muhuri, wakazi waliarifiwa na matingatinga yenyewe. Watu kumi na mmoja walikuwa wangali wanakunywa chai. Taarifa rasmi ilieleza kwamba wananchi hao walishirikishwa kikamilifu katika msingi wa jengo.

Mpanuzi Mkuu alikata utepe kwa mkono wake.

"Ndugu wananchi," alisema, "wapo viongozi waliozaliwa kubana. Mimi nilizaliwa kupanua. Kiwanda hiki kitatoa nafasi elfu tatu za kazi kabla ya Siku ya Upanuzi ya mwaka ujao. Zisipopatikana, kuna mtu atanieleza."

Mtu huyo alikuwa Waziri wa Nafasi, aliyesimama hatua mbili nyuma. Mtangulizi wake naye aliwahi kutakiwa aeleze. Alieleza kwa saa nne katika chumba kisicho na dirisha, na tangu hapo mkewe huvaa nyeusi.

Tatizo lenyewe lilikuwa dogo. Jengo lilikuwa limepanuliwa, lakini mashine zilikuwa zile zile. Zilihitaji watu mia mbili na kumi na wawili, na watu mia mbili na kumi na wawili walikuwapo. Waziri aliwaita wazee watano wa Kamati ya Kamusi, akawafungia chumbani bila maji hadi wapate ufumbuzi. Siku ya tatu walipiga mlango. Nafasi, waliandika, ni mahali palipo wazi. Basi kutoa nafasi hakumaanishi kumwingiza mtu, bali kumwondoa aliyepo. Akiondoka wa kwanza, nafasi imetolewa. Akija wa pili akaondoka naye, nafasi nyingine imetolewa. Kwa mpango huo mashine moja, ikitunzwa vizuri, yaweza kuzaa nafasi mia moja kwa mwezi.

Ilibaki namna ya kuwaondoa watu ambao, kwa ubinafsi wao, hawakutaka kuondoka. Kuwafukuza kulikatazwa na sheria, na Waziri alikuwa mtu wa sheria. Hapo ndipo hekima ya wahenga ilipomfaa. Ajali haina kinga, walisema wahenga. Waziri aliitafakari methali hiyo kwa makini, akaona kwamba kila kinga iliyofungwa kwenye mashine ni ukaidi dhidi ya mababu. Waraka ukatoka. Mafundi wakapita na misumeno, wakaondoa vizuizi, vifuniko na kamba za kuzimia mitambo. Juu ya lango la kiwanda pakaandikwa, kwa herufi za shaba, methali ya pili: KUFA KUFAANA.

*

Kamba moja ilibaki, ile ya Kinu Namba Nne, na haikubaki kwa huruma. Wanunuzi wa ng'ambo walikuwa wamedai cheti cha kuthibitisha kwamba kiwanda kina kamba ya usalama na mtu wa kuivuta. Cheti kikaandikwa: kamba moja, mtu mmoja. Jina la mtu lilikuwa Nikodemu Shaghembe. Kwamba kamba hiyo ivutwe, cheti hakikusema.

Kinu cha kiwanda cha matairi si kile cha kutwangia kisamvu. Ni magogo mawili ya chuma, kila moja nene kama pipa, yamelala ubavu kwa ubavu na kuzunguka kwa kuelekeana, hata chochote kinachowekwa kati yake huvutwa chini. Mpira mbichi hutupwa juu yake pamoja na masizi, na mtu husimama mbele akiukata, akiukunja na kuurudisha kwa mikono. Magogo hayo hayatofautishi mpira na mwili. Yakishika kidole, huomba kiganja. Yakipewa kiganja, hayaombi tena.

Nikodemu alikuwa amesimama kando ya kinu hicho kwa miaka kumi na tisa, mkono wa kulia ukiwa juu ya kamba nyekundu iliyoning'inia kutoka darini. Alikuwa mtu wa sura kavu na shati lililofungwa hadi kifungo cha mwisho. Alisoma shule ya bweni ambako alikuwa kiranja wa kengele kwa miaka minne, na katika miaka hiyo kengele haikuwahi kuchelewa hata kwa dakika moja, si kwa mvua, si kwa homa, si siku ile alipoletewa habari ya msiba wa baba yake katikati ya kipindi. Aliipiga, kisha akaenda kulia. Aliamini kwamba mtu aliyekabidhiwa kengele hana ruhusa ya kuwa na shughuli nyingine moyoni. Kamba aliichukulia vivyo hivyo. Alikuwa ameivuta mara sitini na nne, na mara zote sitini na nne mkono ulirudi kwa mwenyewe.

Mwenyewe, kwa miaka tisa ya mwisho, alikuwa Bi. Chiku, mama wa watoto watano, mwenye mabega ya mbeba mizigo na ulimi usiopumzika.

"Kiranja," alisema asubuhi moja bila kugeuka, kisu kikipita kwenye mpira, "leo macho mekundu. Umelala?"

"Nimelala."

"Umelala kwako au umelala hapa?"

"Dada Chiku, angalia mkono."

"Mkono nauangalia mimi. Wewe niangalie mimi. Marehemu mume wangu alinitazama hivyo miezi miwili tu, akachoka. Wewe huu mwaka wa tisa."

Hapo hapo, kutoka Kinu Namba Mbili ukaja ukelele mmoja mfupi, wa mtu aliyekatizwa neno. King'ora kikalia mara moja. Ubao mkubwa uliotundikwa ukutani ukabadilika kutoka 1,406 kuwa 1,407. Nje ya lango foleni ikashangilia, na kijana mmoja akaingia akikimbia, akichomekea shati. Kinu hakikuzimwa, kwa kuwa hapakuwa na kamba ya kukizimia. Kijana alipokea kisu kilichokuwa bado kina joto la kiganja cha mwenzake, akasimama palipokuwa wazi. Utepe wa mpira uliotoka upande wa pili ulikuwa na wekundu kidogo. Matairi ya mwaka ule yalisifiwa sana ng'ambo kwa namna yalivyoishika barabara.

*

Kila mashine ilikuwa na foleni yake. Foleni ya Kinu Namba Mbili ilikwenda kama maji. Foleni ya Kinu Namba Nne haikusogea, na aliyekuwa wa kwanza ndani yake, mwenye kipande cha bati kilichoandikwa namba moja shingoni, alikuwa Obadia, mdogo wake Penina, na Penina alikuwa mke wa Nikodemu. Obadia alilala kwao, akala kwao, na kila asubuhi walitoka pamoja, mmoja akaingia langoni na mwingine akabaki nje.

Jumapili moja mchana, ugali ukiwa mezani, Obadia alinawa mikono kwa utaratibu kuliko kawaida.

"Shemeji," alisema, "sikuombi kitu kikubwa. Nakuomba chafya."

"Unaniomba nini?"

"Chafya. Mtu akipiga chafya hufumba macho. Haijatokea mahakama ikamhukumu mtu kwa chafya."

"Na Chiku?"

"Chiku ana mikono miwili. Mimi sina hata nafasi moja."

"Obadia, kula," alisema Penina.

"Nakula, dada. Mwezi wa kumi na moja huu nakula cha watu. Wenzangu niliopanga nao foleni siku moja, wale wa Kinu cha Pili, wameshaingia wote."

"Wako wapi sasa?" aliuliza Nikodemu.

"Wameshatoka."

"Wametokaje?"

Obadia alilifinyanga tonge kwa muda mrefu. "Lakini walikuwa wafanyakazi," akasema. "Yule Msami aliingia Jumanne. Jumatano mama yake alitembea mtaa mzima akisema, mwanangu yuko kiwandani. Alhamisi walimleta. Lakini ile Jumatano, shemeji, ile Jumatano hakuna mtu anayeweza kumnyang'anya."

Penina alimtazama mumewe. Hakuwa mwanamke mbaya. Alikuwa dada wa mtu. "Baba Eliamani," alisema polepole, "kwani ukichelewa mara moja tu, katika miaka kumi na tisa, nani atakulaumu?"

"Nikichelewa mara moja," alijibu Nikodemu, "zile sitini na nne zote zitakuwa zilikuwa bahati."

Akamaliza kula, akaosha sahani yake mwenyewe, kama alivyofundishwa bwenini, akaifunika.

*

Zilipobaki siku tisa kabla ya Siku ya Upanuzi, aliitwa ofisini kwa Meneja Luhende. Waziri wa Nafasi alikuwa ameketi kwenye kiti cha meneja, na meneja amesimama pembeni kama kabati. Ukutani palikuwa na chati. Kinu Namba Moja kilikuwa na mnara mrefu, cha Pili mrefu zaidi, cha Tatu ulitoka nje ya karatasi ukaendelezwa kwa chaki ukutani. Kinu Namba Nne kilikuwa na mstari mtupu.

"Bwana Shaghembe," alisema Waziri, "kazi yako ni nini?"

"Kuvuta kamba, Mheshimiwa."

"Wakati gani?"

"Inapohitajika."

"Na nani mwenye mamlaka ya kusema inahitajika?"

"Mkono wa mtu, Mheshimiwa."

"Mkono si mamlaka," alisema Meneja Luhende, akafurahi kwa kuwa Waziri aliiandika kauli hiyo.

Waziri alisimama, akavaa miwani, kwa sababu alikuwa karibu kuhutubia, ingawa msikilizaji alikuwa mmoja. "Taifa hili," alisema, "lina vijana laki tisa wasio na ajira. Wanalia. Wanasema, tupeni nafasi. Wenzako wa Kinu cha Tatu wamesikia kilio hicho, wamejitoa, wengine wamejitoa hadi begani. Wewe peke yako, kwa miaka kumi na tisa, umesimama katikati ya vijana na mustakabali wao. Kila unapovuta kamba hiyo, Bwana Shaghembe, unamkata kijana mmoja mkono wake wa kesho. Watu wa aina yako tuna jina lao. Mhujumu wa ajira."

"Mheshimiwa, nivute au nisivute?"

"Usiniulize hivyo. Kamba ipo, na wewe upo. Wageni watakuja kuona kamba na mtu. Siku ya Upanuzi mashine zote zitazimwa kwa heshima, isipokuwa Kinu Namba Nne, kilichopakwa rangi. Kwa hesabu ya Wizara siku hiyo tutakuwa na nafasi elfu mbili mia tisa tisini na tisa. Ya elfu tatu itatoka kwako, mbele ya macho ya Mpanuzi Mkuu. Ni heshima ambayo mtu huiombea."

"Ikihitajika, nitavuta," alisema Nikodemu.

Waziri akawataka askari wawili wamsaidie kutafakari. Walimsaidia kwa virungu na kwa visigino vya viatu, kwa dakika kumi na tano, na Meneja Luhende alishika chati ukutani ili isianguke. Nikodemu alipomaliza kutafakari alikuwa amepungukiwa meno mawili na mbavu zake zilikuwa zimebadili mpango. Aliomba ruhusa ya kurudi kazini kwa kuwa zamu haijaisha. Akapewa, maana cheti kilimtaja kwa jina.

*

Habari zikatoka ofisini, zikafika kwenye foleni, na foleni ikaelewa kwamba kilichowazuia watu mia nne wasile ni mzee mmoja mwenye kamba na mwanamke mmoja mwenye bahati.

Alhamisi saa kumi jioni Chiku alipotoka langoni walimngojea. Walikuwa watu aliowajua. Mmoja alikuwa amemsaidia kubeba jeneza la mumewe. Jiwe la kwanza lilimpata sikioni, la pili kinywani, kisha mawe yakaacha kuwa na namba. Alianguka kwenye mtaro, na walipokuwa wakimkanyaga waliukanyaga zaidi mkono wa kulia, kwa kuwa walikuwa watu wenye lengo.

Askari walifika upesi kuliko ilivyowahi kuonekana katika nchi ile. Kanuni ya saba ya Wizara ilisema wazi: nafasi iliyotolewa nje ya lango haihesabiki. Mwanamke huyo angekufa mtaroni, taifa lingepoteza nafasi bure. Askari walifyatua risasi kulinda mali ya umma. Watu saba wakaanguka, na wakati bado wanagaagaa, ofisa mwenye kipaza sauti aliwataka waliobaki wasogee mbele hatua saba, mmoja mmoja, bila kusukumana. Walisogea. Obadia, aliyekuwa wa kwanza, hakuwa na pa kusogea. Alisimama pale pale, damu ya jirani yake ikiwa kwenye bati lake.

Kesho yake Chiku alikuja kazini. Jicho moja lilikuwa limefumba, na vidole vya mkono wa kulia vilikuwa vimevimba kama mihogo, lakini vilikuwa vitano.

"Ungepumzika," alisema Nikodemu.

"Nikipumzika ni nafasi," alisema Chiku. "Na wewe hayo meno umeyaacha wapi?"

"Ofisini."

"Tunafanana basi. Watu watasema tumeoana." Alichukua kisu kwa mkono wa kushoto, akakihamishia wa kulia, akakunja uso. Baadaye, magogo yakiwa yananguruma, aliuliza bila kugeuka, kwa sauti ambayo Nikodemu hakuwahi kuisikia kwake, "Kiranja, siku ile utavuta?"

"Nitavuta."

"Watakuua."

"Hilo si swali uliloniuliza."

*

Siku ya Upanuzi ilifika ikiwa na bendi tatu. Mashine zote zilikuwa kimya, zimefunikwa vitambaa vya rangi za taifa. Ubao ulisomeka 2,999, na fundi mmoja alikuwa amepanda ngazi, ameshika tarakimu mpya kifuani kama mtoto wa kubatizwa. Wanunuzi wa ng'ambo waliketi mstari wa mbele. Walionyeshwa kamba, wakaipiga picha. Walionyeshwa Nikodemu, wakampiga picha pia. Foleni ya Kinu Namba Nne ililetwa karibu na mlango, Obadia mbele, amenyolewa, amevaa shati alilopewa na Penina.

Mpanuzi Mkuu aliingia, akakaa. Kinu kikawashwa kwa kasi ambayo Nikodemu hakuwahi kuiona. Meneja Luhende alikuwa ameishika swichi mwenyewe. Chiku alisimama mbele ya magogo, akakata, akakunja, akarudisha. Mara moja. Mara ya pili. Vidole vilivyovimba havikutii sawasawa. Nikodemu aliona hilo, akauona pia mkono wa sare mpya aliyovalishwa Chiku, mrefu na mpana, ulioshonwa na mtu aliyekuwa na maelekezo.

Hapo Waziri wa Nafasi akamwendea akiwa amenyoosha mkono.

"Bwana Shaghembe," alisema kwa sauti ya kusikika hadi mstari wa wageni, "kwa niaba ya Wizara, nakupongeza kwa utumishi wako uliotukuka." Akaushika mkono wa kulia wa Nikodemu, ule wa kamba, kwa mikono yake yote miwili, akautikisa. Kamera zikamulika. Akaendelea kuutikisa. "Miaka kumi na tisa," alisema. "Si mchezo." Aliubana kama mtu aliyeshika kamba ya ng'ombe mkorofi.

Mkono wa sare ukaingia. Chiku hakupiga kelele. Alisema tu, "Kiranja," kama anayemwita mtu aje mezani. Magogo yakachukua kitambaa, yakachukua kucha, yakaanza kuchukua kidole.

Nikodemu alikuwa amelelewa kutomgusa mkubwa. Alimpiga Waziri wa Nafasi kwa paji la uso katikati ya pua, na pua ikavunjika kwa sauti kama ya muwa. Waziri hakuachia. Basi Nikodemu akaenda naye, akamburuta sakafuni mbele ya wageni, akainua uso, akaikamata kamba nyekundu kwa meno aliyobakiwa nayo, akajiachia kwa uzito wake wote.

Kinu kikanyamaza.

Chiku aliutoa mkono kati ya magogo. Ulikosa kucha mbili na ngozi ya kidole cha shahada. Aliuinua, akautazama, akawaonyesha wageni, ambao walipiga makofi, wakidhani ndilo onyesho lenyewe.

Juu ya ngazi fundi aliendelea kuikumbatia tarakimu yake.

"Waziri," alisema Mpanuzi Mkuu kwa upole, "ya elfu tatu iko wapi?"

Waziri alikuwa sakafuni, damu ya pua ikimwingia kinywani, na pengine hakuna mtu aliyewahi kufikiri kwa kasi kiasi kile. "Ipo, Mtukufu," alisema. "Tuko ndani ya lango." Akamwonyesha Nikodemu kwa kidole. "Wananchi wameomba kuitoa wenyewe."

Mlango ukafunguliwa. Watu mia tatu tisini na tatu wakaingia, na wa kwanza wao aliokota nondo iliyoachwa na mafundi. Nikodemu alikuwa bado ameuma kamba. Alimwona shemeji yake akija, akaliona shati, akalitambua kuwa ni lake.

"Shemeji, iachie," alisema Obadia. Alikuwa analia. "Iachie tu, wasikuue."

Nikodemu, kwa kuwa alikuwa na kamba kinywani, hakujibu.

Obadia aliupiga mkono wa kulia mara ya kwanza juu ya kiwiko, mara ya pili chini ya kiwiko, na mara ya tatu palipobaki. Walio nyuma yake walimalizia miguu. King'ora kikalia. Ubao ukasomeka 3,000, bendi zote tatu zikapiga nyimbo tatu tofauti, na Mpanuzi Mkuu akasema yeye husema jambo mara moja tu. Wanunuzi wa ng'ambo walitia saini mkataba wa matairi wa miaka mitano.

*

Wodi ya kiwanda ilijengwa dhidi ya ukuta wa Kinu Namba Nne ili kupunguza mwendo. Kitanda cha Nikodemu kilitetemeka pamoja na kinu, na kwa mtetemeko huo alijua saa za zamu bila kuuliza. Mkono wa kulia ulikuwa umekatwa begani. Penina alimletea uji kila siku, akamnywesha, wala hakulitaja jina la ndugu yake.

Siku ya kumi na mbili Obadia alikuja mwenyewe. Alisimama mlangoni akiwa na bati shingoni. Lilikuwa bado namba moja.

"Shemeji," alisema, "hawakunipa."

"Kaa."

"Niliwaambia mimi ndiye niliyeitoa hiyo nafasi, watu wote wameona. Wakaangalia daftari. Wakasema, ndugu, wewe foleni yako ni ya kisu. Nafasi iliyotoka ni ya kamba. Foleni ya kamba haikuwapo, kwa hiyo aliye wa kwanza ndani yake ni yule atakayeandikwa kwanza. Wakamwandika mpwa wa Waziri."

"Anajua kazi?"

"Hajafika bado. Wanasema atafika mwezi ujao. Jina lake tayari liko kwenye cheti."

Nikodemu aliyafumba macho. Kitanda kilikuwa kinatetemeka. "Nani yuko kwenye kamba?"

"Hakuna."

"Chiku yuko kazini?"

"Yupo. Wa namba za mwanzo tunaruhusiwa kusimama dirishani pa kinu tuwe tayari. Namwona kila siku. Ameichukua ile kamba akajifunga kiunoni. Anasema akivutwa na kinu, atakuwa ameivuta yeye."

Kwa mara ya kwanza tangu aletwe wodini, Nikodemu alijaribu kuketi. "Amefunga fundo gani?"

"Fundo tu, shemeji."

"Nionyeshe. Chukua hiyo bendeji."

Obadia aliuchukua utepe wa bendeji, akauzungusha kiunoni mwake, akaufunga kama alivyoona. Nikodemu aliutazama, akauvuta kwa mkono wa kushoto. Fundo liliteleza na kumbana Obadia tumboni hata akaguna.

"Hicho ni kitanzi," alisema Nikodemu. "Akivutwa kitamkaba yeye kwanza ndipo kivute kamba. Atakuwa amechelewa kiasi cha mkono mzima. Mwambie afunge fundo la kufungia mbuzi, lile lisilobana shingo. Na aifupishe, isilegee hata kidogo. Njoo."

Kwa vidole vya mkono wa kushoto, ambao haukuwahi kufundishwa kazi yoyote, alianza kulifunga. Alikosea mara tatu. Mara ya nne akalifunga, akalivuta, na halikuteleza.

"Umeliona?"

"Nimeliona." Obadia aliinamisha kichwa, akakigusa kile kipande cha bati. "Shemeji, mimi ndiye wa kwanza kwenye foleni yake."

"Najua."

"Akienda yeye, naingia mimi."

"Najua, Obadia."

"Na unanituma mimi."

"Wewe una miguu," alisema Nikodemu.

Obadia aliondoka na bendeji ikiwa bado imefungwa kiunoni, na Nikodemu alizisikiliza hatua zake hadi zilipochanganyika na mngurumo.

Siku mbili kitanda kilitetemeka bila kukoma. Siku ya tatu, kiasi cha saa tisa alasiri, kikatulia. Nikodemu akangoja king'ora. Alihesabu hadi sitini. Akahesabu tena. Nje ya ukuta foleni ilikuwa kimya, hapana aliyeshangilia, na king'ora hakikulia. Kisha kitanda kikaanza tena kutetemeka chini yake, polepole, halafu kwa kasi yake ya kawaida.

Taarifa ya Wizara ya Nafasi kuhusu Kinu Namba Nne, kwa siku hiyo, ina mstari mmoja tu: hakuna maendeleo.